Bwana Ushoroba na Wageni Wasioalikwa

Tulimwacha Mkurugenzi mdomo wazi mbele ya kipaza sauti, na nawaarifu kwamba bado hajaufunga.

Kama ulilikosa gazeti la juma lililopita kwa sababu kuna mtu nyumbani kwako alifungia nalo viatu, nakupa kwa ufupi. Huyu Mkurugenzi ndiye mkuu wa ofisi inayolinda nyika nzima: hifadhi ya juu, hifadhi ya chini, na ardhi yote iliyo kati yake, yenye mashamba, malisho na vijiji. Wanyama hawasomi vibao vya mipaka. Masika wako juu, kiangazi wanashuka mtoni, na katikati wana njia yao ya tangu na tangu, inayoitwa ushoroba. Mkurugenzi ameuhubiri ushoroba huo redioni, kwenye semina, hata misibani, mpaka watu wakambandika jina: Bwana Ushoroba.

Asubuhi hiyo alikuwa akiwahutubia wafadhili kutoka ng'ambo, kwenye baraza la hoteli mpya, kando ya bwawa la kuogelea.

"Nawahakikishia," alisema, "ushoroba wetu uko wazi kama kiganja cha mkono."

Ndipo ukuta wa nyuma ya hoteli ukaanguka.

Akaingia tembo.

Utauliza, tembo anatafuta nini hotelini? Ungeanza kwa kuuliza hoteli ilitafuta nini kwa tembo. Jengo lile limekaa katikati kabisa ya ushoroba, juu ya chemchemi waliyokunywa tembo tangu enzi za bibi wa bibi zao. Chemchemi imevishwa vigae vya bluu, ikapewa ngazi ya chuma na viti vya kulalia. Wageni waliambiwa kwamba hoteli ni ya ushirika wa wanakijiji. Kwa kweli ni ya mke wa Mkurugenzi.

Tembo mwenyewe alikuwa jike kubwa, sikio la kushoto limechanika, na nyuma yake kundi lote: dada, mabinti, wajukuu, na ndama mmoja asiyetulia. Wakapita juu ya matofali kama watu wanaoingia kwao.

Wageni wakasimama. Viti vikapinduka. Halafu, badala ya kukimbia, wakapiga makofi!

Mkalimani, kijana wa tai nyembamba, akamnong'oneza Mkurugenzi: "Wanasema hawajawahi kuona maonyesho yaliyopangwa vizuri namna hii."

Msomaji, mwongo mzoefu haanguki. Huinama tu kuokota uongo mwingine.

"Mnaona!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Hii ndiyo hoteli ya kwanza inayopitisha wanyama! Ule ukuta tuliujenga mwepesi makusudi, ili tembo asipate taabu!"

Mkalimani akatafsiri. Makofi yakaongezeka. Mama mmoja mrefu, kiongozi wa wafadhili, akafuta machozi kwa ncha ya skafu yake.

Mwisho wa baraza alisimama mtu mmoja ambaye hakupiga makofi. Huyo ni Daktari, daktari wa wanyamapori katika ofisi hiyo hiyo. Anawatibu tembo hawa, anamjua kila mmoja kwa masikio yake. Na balaa lake ni kwamba mke wa Mkurugenzi ni dada yake wa tumbo moja. Dada aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Dada aliyemfundisha kusuka, kusoma, na kunyamaza panapohitajika kunyamaza.

Miezi yote hiyo hoteli ikipanda tofali kwa tofali, Daktari alinyamaza panapohitajika.

Dada mtu akamsogelea sasa, viatu vya dhahabu vikigonga sakafu. "Umeona? Shemeji yako ana akili ya kuzaliwa nayo."

"Dada, waondoe watu hapa. Yule ana mtoto."

"Acha uchuro. Wanapiga picha."

Kabla neno halijaisha, chubwi!

Ndama alikuwa amekwenda kunusa maji ya bluu. Vigae vilikuwa vimelowa. Miguu ya mbele ikateleza, ya nyuma ikafuata, na mtoto wa tembo akazama, akaibuka, akapiga ukelele uliowanyamazisha hata wenye kamera.

Mama yake akageuka.

Sasa sikiliza nilichoona, maana wako watu mjini wanaosema hakikutokea. Jike lile lilitandaza masikio likaja moja kwa moja kwenye baraza, meza zikipaa kama vifuniko vya chupa. Wageni wakakimbilia ndani. Mpishi akaruka dirisha. Na Mkurugenzi, mlinzi wa nyika nzima, akamshika mkewe mabega mawili, akamweka mbele yake kama mtu anayefunga mlango.

Ndiyo. Mkewe. Mbele.

Tembo akasimama hatua chache kutoka kwao. Dada mtu hakupiga kelele. Alisimama wima, macho yamemtoka, pumzi ya tembo ikimpepea kitambaa cha kichwa. Halafu ndama akalia tena, na mama akarudi kwa mwanawe mbio.

Mkurugenzi akayaachia mabega ya mkewe. Akajipangusa koti.

"Nilikuwa nakukinga," akasema.

Mkewe aliinama akavaa kiatu kilichomvuka.

"Shemeji!" Mkurugenzi akamwita Daktari. "Leta bunduki ya usingizi. Mlaze huyo mnyama upesi!"

"Nikimpiga sindano pale alipo, ataangukia majini na kufa. Akifa majini, na ndama amekufa."

"Basi ile ya risasi."

"Mbele ya wageni?"

Mkurugenzi akaangalia vioo vya ukumbi. Nyuma ya kila kioo kulikuwa na uso, na mbele ya kila uso simu inayorekodi.

"Unataka nini, shemeji? Sema haraka."

"Ukingo wa bwawa uvunjwe. Ule wa upande wa mteremko. Maji yatoke, na kifusi kiwe njia ya kupandia."

"Uvunjwe na nini?"

Daktari akanyoosha kidole. Nyuma ya maua kulisimama kijiko kikubwa cha kuchimbia, cha njano, kimefichwa nusu kwa turubai. Asubuhi wageni walipoulizia, waliambiwa ni cha kuchimbia visima vya wanyama. Visima gani! Kilikuwa kinachimba msingi wa ukuta mwingine, mrefu kuliko ule ulioanguka.

Opereta wake, mzee mnene anayeitwa Kijiko kwa sababu ya kazi yake, alikuwa juu ya kiti chake tangu mwanzo. Aliona huko ndiko salama.

"Kijiko!" Daktari akamwita. "Washa!"

"Usiwashe!" Mkurugenzi akafoka.

Kijiko akawatazama wote wawili kutoka juu. "Bosi, mwezi uliopita ulinituma nikavunje mazizi ya wafugaji. Ukasema yameziba ushoroba. Ukasema nivunje tu, nisimtazame mtu usoni, maana sheria haina mjomba. Sasa leo ukinikataza, si nitaonekana nina upendeleo?"

"Wewe! Nitakufukuza kazi!"

"Hewala. Lakini ukinifukuza sina bosi, na nikiwa sina bosi nitamsikiliza Daktari."

Injini ikanguruma.

Ndipo dada mtu akatoka mbio akasimama ukingoni, kati ya kijiko na bwawa, mikono ameitandaza. Nyuma yake, ng'ambo ya maji, mama tembo alikuwa akimpapasa mwanawe kwa mkonga bila kumfikia vizuri.

"Mdogo wangu, hapana," alisema. "Vigae hivi nimevichagua mimi, kimoja kimoja. Watu wote walisema mke wa mkubwa hana kazi, ni wa kukaa tu. Hiki ndicho kitu changu. Sina kingine."

"Dada, yule ni mtoto."

"Nami ni dada yako!"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Mumeo simwombi."

Ndama akazama. Mkonga wake mdogo ukabaki juu peke yake, unapumua. Kisha nao ukazama.

Dada mtu akageuka akatazama maji. Mama tembo alipiga magoti mawili ya mbele juu ya vigae vile vilivyochaguliwa kimoja kimoja, akaingiza mkonga wote, akamnyanyua mwanawe hadi pua ikatokeza. Akashindwa kumtoa. Akamshikilia hivyo hivyo, anatetemeka.

"Wewe ulinishika hivyo mtoni," Daktari akasema taratibu. "Unakumbuka?"

Dada mtu akavua viatu vyake vya dhahabu, akavishika mkononi, akaondoka ukingoni.

"Vunja," akasema.

Kijiko hakuvunja kwa pupa. Alizungukia upande wa mteremko, akaushusha mkono wa chuma polepole. Mama tembo akainua kichwa, akatandaza masikio, lakini hakumwachia mwanawe. Kijiko akauma ukingo, akautingisha, akauma tena. Ufa ukapita kwenye bluu. Maji yakapiga kelele moja kubwa, yakateremka bustanini na viti vya kulalia, taulo nyeupe na bango la *Ushoroba ni Uhai*.

Mashine ikarudi nyuma. Ndama akabaki amesimama kwenye maji ya magotini, ameshangaa. Mama akamsukuma kwa paji la uso. Mtoto akapanda kifusi, akateleza, akapanda tena. Akatoka.

Huko ndani hakuna aliyepiga makofi safari hii. Nasikia mmoja wa wageni alikuwa amekaa chini analia kama aliyefiwa.

Kundi likakusanyika, likamnusa mtoto. Halafu wakasimama, tembo wote, mbele ya ukuta wa upande wa pili, ule uliobaki. Ng'ambo ya ukuta huo ndiko kwenye mto, ndiko kwenye hifadhi ya chini. Wakaupapasa. Wakageuka, wakazunguka kupitia geti la magari, mmoja mmoja, na mlinzi wa geti, kwa mazoea tu, akawapigia saluti.

Mama mrefu wa wafadhili akatoka nje. Skafu imepotea, viatu vimejaa maji. Akasema maneno mengi akimtazama Daktari.

"Anauliza," mkalimani akasema, "kwa nini tembo wameutazama ukuta ule kama watu waliofungiwa mlango?"

Mkurugenzi akadakia. "Mwambie tembo ni mnyama mdadisi!"

"Amemuuliza Daktari," mkalimani akasema, na shingo yake akaivuta ndani ya kola kama kobe.

Daktari akamtazama dada yake. Dada alikuwa amekaa juu ya ngazi, miguu mitupu, viatu mapajani. Akatikisa kichwa kidogo. Usiseme. Mtikiso ule Daktari aliufahamu tangu utotoni, na siku zote aliutii.

Akavuta pumzi.

"Mwambie, hapa tuliposimama ndipo ushoroba ulipo. Hakuna mwingine. Hoteli hii imeuziba. Tembo watano walikufa kiangazi kilichopita wakitafuta njia ya kuzunguka, nami ndiye niliyewapasua, matumbo makavu kama magunia. Nililijua jambo hili. Mkurugenzi naye alilijua. Mwambie hivyo hivyo."

Mkalimani akatafsiri, na kadiri alivyotafsiri ndivyo sauti yake ilivyopungua.

Mama mrefu akauliza swali fupi sana.

"Anauliza, hoteli ni ya nani?"

Sasa msomaji, maji yamemfika mtu shingoni. Wewe ungefikiri atakiri? Au hata atakula kona kidogo? La! Mkurugenzi aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa huzuni, kama anayetaja marehemu.

"Nilitaka kumsitiri," akasema. "Ni shemeji yangu, damu ya mke wangu. Lakini kwa kuwa mambo yamefika hapa, haki lazima isemwe. Mwenye hoteli ni huyu. Daktari."

Hata Kijiko alizima injini.

"Mimi?" Daktari akasema.

"Usikatae, shemeji. Mimi nilikuonya. Nikakuambia, usijenge njiani kwa wanyama. Hukusikia." Akageuka kwa mgeni. "Mwambie ofisi yangu itamchukulia hatua kali leo hii. Atafukuzwa, na leseni yake ya udaktari nitahakikisha inafutwa. Mwambie mimi sina undugu kwenye kazi."

Na wageni, msomaji wangu, wakaanza kuamini! Niliwaona. Mmoja alimtazama Daktari kutoka kichwani mpaka miguuni, akanong'ona na mwenzake. Ndiyo maana uongo una soko: mtu mwenye suti akidanganya kwa huzuni, aliyelowa matope atajiteteaje?

Daktari akafungua mdomo.

"Kipaza sauti bado kinafanya kazi?"

Aliyeuliza ni dada mtu. Alikuwa ameinuka kwenye ngazi.

Mumewe akatabasamu. "Mke wangu, kapumzike, umeshtuka. Hebu mpeni maji..."

"Nilishtuka uliponishika mabega. Sasa nimetulia."

Akaokota kipaza sauti kwenye kifusi, akakipiga kidole. Kikalia. Akamgeukia mkalimani.

"Wewe kijana. Nitasema Kiswahili changu, nawe utafsiri neno kwa neno. Usinipambie."

"Ndiyo, mama."

"Mwenye hoteli ni mimi. Mwenye kunituma nijenge ni huyu hapa mwenye suti. Mdogo wangu hana hata tofali. Alikuja akaniambia, dada, hapa ni njia yao, nikamwambia anyamaze, akanyamaza kwa kuniheshimu mimi. Kosa lake ni hilo tu, na lenyewe nililipanda mimi."

"Mke wangu!" Mkurugenzi akacheka kicheko kikavu. "Jua limempiga..."

"Mume wangu, ulimwona tembo anakuja ukaniweka mbele. Nikajisemea, labda ni woga, binadamu ana woga. Sasa umeona aibu inakuja, ukamweka mbele mdogo wangu. Kesho utamweka nani? Watoto?"

Mkalimani akasita. "Hilo la watoto nalo nilitafsiri?"

"Hilo hasa."

Akalitafsiri. Mama mrefu wa wafadhili hakumtazama tena Mkurugenzi. Wala si yeye tu.

"Na mwambie hivi," dada mtu akaendelea, sauti haijapanda wala kushuka. "Asihangaike sana na hii. Hii ndiyo ndogo."

"Ndogo?" Daktari akauliza.

"Ile kubwa iko ndani ya hifadhi ya chini, mtoni kabisa, pale wanapokwenda kunywa hawa mliowaona. Vyumba mara kumi ya hivi. Basi la wageni liko wapi? Twendeni nikawaonyeshe."

Mambo yakaenda mbio. Wageni wakakusanya mikoba. Dereva wa basi akatupa sigara. Dada mtu akapanda wa kwanza, akakaa kiti cha mbele, miguu mitupu vile vile, na Daktari akakaa pembeni yake. Basi lilipoondoka, dada mtu alichukua mkono wa mdogo wake, akaupangusa matope kwa kitambaa chake cha kichwa, kama zamani alivyompangusa akitoka kucheza.

Na Bwana Ushoroba? Hakuna aliyemkaribisha ndani ya basi. Alibaki nyuma ya jiko la hoteli, simu sikioni, mkono umeziba mdomo. Mpishi, aliyekuwa bado chini ya dirisha aliloruka, alisikia maneno machache tu.

"Wasikute kitu. Choma nyasi zote zinazozunguka. Tutasema ni wawindaji haramu."

Msomaji, ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nyasi zilikuwa kavu kama karatasi unayoishika sasa, na upepo ulivuma kuelekea chini.

Basi likapita barabara ya vumbi. Kulia kwao kundi la tembo lilikuwa likishuka, ndama katikati, wakielekea mtoni kwa njia ndefu. Wageni wakawapungia mikono.

"Samahani," dereva akasema. "Kule mbele, yale ni mawingu au moshi?"

Daktari akainuka kitini. Hayakuwa mawingu. Moshi ulipanda mweusi kutoka kwenye miti ya mtoni, ukalala upande mmoja, ukaanza kukimbia.

"Kanyaga mafuta!" akasema. Akamgeukia dada yake. "Jengo lile lina watu?"

Uso wa dada mtu ulikuwa umebadilika rangi.

"Dada! Kuna watu mle?"

"Mafundi rangi. Wanne. Na mmoja kaja na mkewe. Mchana wanafungiwa kwa nje. Shemeji yako alisema wasipofungiwa wataiba makopo ya rangi."

"Ufunguo anao nani?"

Dada akageuza shingo, akatazama nyuma, kule hotelini walikomwacha mumewe.